Alama ya Penseli Kando ya Jina la Teresia

Alhamisi jioni, Nakuru.

Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, na ukungu umeufunika mlima Menengai hadi chini. Nimefika nyumbani viatu vimelowa, nimevivua mlangoni, na bado sijawasha jiko. Begi liko kitandani. Ndani yake kuna kitabu changu cha mafunzo, ukurasa wa mwisho umetiwa saini. Ndani ya mfuko wa koti langu kuna kifutio ambacho si changu.

Niliwahi kuapa kwamba siku ukurasa huo utakapotiwa saini nitanunua kuku mzima nimle peke yangu bila haya. Siku yenyewe ndiyo leo. Sina hamu hata ya chai.

Nina hasira. Naliandika hilo mapema nisije nikajifanya mpole huko mbele.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Wangari, mzaliwa wa Elburgon, na huu ni mwezi wa tano nafundishwa kazi katika benki ya damu ya hospitali ambayo sitaitaja. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Benki yetu ni chumba kimoja chenye majokofu matatu, meza ndefu na kidirisha ambapo manesi hupitishia vichupa vya damu na fomu. Tunapima damu ya mgonjwa tujue ni ya kundi gani, tunailinganisha na ile iliyo kwenye jokofu, zikipatana tunatoa mfuko upelekwe wodini. Mtu akiwekewa damu isiyopatana naye, mwili wake unaishambulia, seli zinapasuka ndani ya mishipa, na figo ndizo zinazolipia. Ndiyo kazi yetu yote, na ndiyo hofu yetu yote.

Anayenifundisha nitamwita Bwana Ndirangu, ingawa hospitali nzima humwita Mwalimu. Amebakiza miezi michache astaafu. Wiki yangu ya kwanza mikono ilinitetemeka hadi matone ya dawa yakawa yanaanguka mezani badala ya kuingia kwenye kichupa. Hakucheka. Alinipa maji na pipeti, akaniambia nidondoshe matone mia moja, moja moja, nikimhesabia kwa sauti. Nilipofika sabini mikono ilikuwa imetulia. Siku hiyo alinigawia nusu ya andazi lake. Nayasema haya kwa sababu mtu akisoma ninayoandika chini atadhani ni mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningekuwa na kazi rahisi leo.

Ni yeye pia aliyenifundisha mambo ya penseli. Katika daftari letu kubwa kila mgonjwa ana mstari wake, umeandikwa kwa wino. Ukiwa na shaka juu ya mstari, unaweka alama ndogo ya kuuliza kwa penseli kando ya jina. Halafu unatafuta jibu, na jibu unaliandika kwa wino. Swali kwa penseli, jibu kwa wino. Aliniambia hajawahi kuona hospitali nyingine ikifanya hivyo, ni mtindo wake mwenyewe, na alijivunia.

Sasa nieleze kilichotokea, na nianze na aibu yangu.

Wiki tatu zilizopita nilimpima mzee mmoja wa Mai Mahiu aliyekuwa akisubiri upasuaji. Majibu yangu hayakufanana na ya kadi yake. Nikaweka penseli, nikapiga simu wodini waniletee damu nyingine. Wakaleta. Ndipo nikagundua kosa lilikuwa langu. Sikukitikisa kichupa vya kutosha baada ya kukizungusha kwenye mashine, nikadhani damu imeshikana mahali ambapo haijashikana. Mzee alichomwa sindano ya pili bure, na upasuaji ukasogezwa hadi alasiri.

Nesi aliyeileta ile damu ya pili, nitamwita Sista Chebet, aliinama kidirishani akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi la wagonjwa:

"Wewe msichana, mnataka huyu mzee atolewe damu mara ngapi ndio mumpee moja?"

Watu walicheka. Hata mzee mmoja aliyekuwa na bendeji ya kichwa alicheka. Mimi nilitazama sakafu.

Bwana Ndirangu alinitetea mbele yao, halafu walipoondoka akanikalisha. "Wangari, mikono yako iko sawa. Shida yako ni confidence. Hii kazi ukikuwa mtu wa kusitasita, mgonjwa anakufa ukifikiria. Soma, amua, andika. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilielewa vizuri kupita kiasi. Tangu siku hiyo nilianza kufanya haraka, kusema "sawa" kabla hajamaliza, kuinua kichwa nikitoa mfuko kidirishani. Penseli niliisukuma nyuma ya droo. Sista Chebet mwenyewe alikuja siku moja akaniambia siku hizi nimekuwa mtu wa kazi. Nilirudi nyumbani nikitabasamu barabarani. Nikampigia mama simu kumwambia sasa nimezoea, na Jumapili iliyofuata alisimama kanisani Elburgon akatangaza kwamba binti yake atakuwa anaokoa maisha ya watu.

Jumanne saa tatu asubuhi wodi ya akina mama ilituma kichupa na fomu. Teresia Njeri, amejifungua alfajiri, anavuja damu, wanataka mifuko miwili upesi.

(Jina nimelibadilisha, lakini nimeweka la aina ileile. Huku kwetu kila mtoto hupewa jina la bibi au babu, kwa hiyo majina yanazunguka ukoo mzima bila kuchoka. Mimi peke yangu nina binamu watatu wanaoitwa Wangari, wote tumerithi bibi mmoja. Nyumbani tunatofautishwa: kuna Wangari wa Duka, kuna Wangari Mrefu, kuna Wangari wa Meri, na mimi siku hizi ni Wangari wa Damu.)

Nilikipima kichupa. Kundi A. Nikafungua daftari kuandika, na jina likanigonga kichwani. Nilikuwa nimeliandika mimi mwenyewe. Katika mwezi wangu wa pili hapa nilipima damu za akina mama wajawazito wa kliniki, kazi yangu ya kwanza kufanya bila mtu kusimama nyuma yangu, na mmojawao alikuwa Teresia Njeri. Nilirudisha kurasa nyuma nikampata. Kundi O.

Damu ya mtu haibadiliki kundi kati ya mwezi mmoja na mwingine. Ama hawa walikuwa watu wawili, ama nilikosea kliniki, ama kichupa nilichokishika hakikuwa na damu ya mtu aliyeandikwa juu yake. Namba hazikunisaidia, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa namba ya kliniki na hii ilikuwa ya wodi. Niliipapasa penseli nyuma ya droo, nikaipata, nikaweka alama ya kuuliza kando ya jina. Ndogo sana. Nilibonyeza kidogo kana kwamba naogopa kuliumiza karatasi.

"Mwalimu," nikamwambia, "hii group haifanani na ya kliniki."

Alikuja akaangalia mistari yote miwili, mmoja baada ya mwingine. Aliiona. Nataka hilo lieleweke. Alisimama hapo, miwani imeshuka puani, na kidole chake kiligusa majina yote mawili.

"Teresia Njeri," akasema. "Wako wangapi hapa Nakuru? Enda Bahati pekee, piga kelele 'Njeri', uone kama hautakanyagwa."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

"Labda tuitishe sample ingine," nikasema. "Tuwapee O kwa sasa, hiyo inapatana na kila mtu."

"Mifuko ya O imebaki mbili. Ajali ikitoka hapo barabarani utawapea nini? Maji?" Simu ikalia, ni wodi ya akina mama tena. Aliitazama simu, akanitazama mimi. "Ama ni ile kliniki ulikosea. Ulikuwa bado mpya. Hii ya leo uko sure nayo?"

"Niko sure."

"Basi."

Nilikuwa na hakika na kichupa. Hakuna aliyeniuliza kama nina hakika na mtu. Sitajificha nyuma ya hilo, kwa sababu swali lenyewe nilikuwa nalo mdomoni. Ningeweza kusema "hapana, Mwalimu". Ningeweza kukataa kuweka saini. Nilikumbuka lile benchi likicheka, nikakumbuka mzee wa Mai Mahiu na sindano yake ya bure, nikafyata ulimi. Nikaulinganisha mfuko wa kwanza wa A na kile kichupa, vikapatana bila tatizo. Niliupitisha kidirishani kwa mikono yangu miwili. Mikono haikutetemeka hata kidogo.

Simu iliyofuata ilikuja kabla sijamaliza kuosha vioo.

Damu ilikuwa imeingia robo ya mfuko hivi. Teresia alianza kutetemeka kitanda kizima, akilalamika mgongo, mgongo, na kwamba kifua kinambana. Mama yake aliyekuwa amekaa kando na mtoto mapajani ndiye aliyepiga kelele. Daktari akafunga mrija. Wakatoa damu nyingine mkononi mwake, safari hii daktari mwenyewe, na akaandika jina palepale kitandani.

Niliipima palepale. Kundi O.

Nilikuwa nimempima sawasawa kliniki. Mimi, mpya, peke yangu, bila mtu nyuma yangu, nilipata jibu la kweli. Tangu Jumanne hakuna kinachoniuma kama hicho.

Baadaye tulijua mengine. Sista Chebet alikuwa ametoa damu kwa Teresia na kwa mama wa kitanda cha pili, akaviweka vichupa vyote viwili kwenye mfuko wa aproni kwa sababu kitanda cha tatu walikuwa wanamwita, akaandika majina alipofika mezani. Hairuhusiwi. Kila mtu anafanya. Kichupa chenye jina la Teresia kilikuwa na damu ya jirani yake.

Nilipousikia mkasa huo nilifurahi. Ilikuwa ni kitambo kidogo tu, pengine muda wa kumeza mate, lakini nilifurahi kwamba ni Chebet, yule aliyenicheka. Mwanamke anatetemeka wodini na mimi nimepata nafasi ya kusema moyoni "afadhali". Sikujua nina moyo wa namna hiyo.

Jana ilikuwa mbaya kuliko Jumanne.

Hospitali yetu, kama nyingi, huomba jamaa za mgonjwa waje kurudisha damu aliyotumia. Jana asubuhi mume wa Teresia alikuja na kaka zake wawili. Anatengeneza magurudumu ya malori huko Mai Mahiu, na weusi wa grisi umeingia kwenye mikunjo ya vidole vyake hauoshiki tena. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Bwana Ndirangu alikuwa kwenye mkutano, kwa hiyo ni mimi niliyemlaza kitini, nikamfunga mpira mkononi, nikatafuta mshipa.

"Daktari, chukua tu yenye unataka," aliniambia. "Mlitusaidia sana."

Mimi si daktari. Sikumsahihisha.

"Wametuambia mwili yake ilikataa damu," akaendelea. "Hiyo ni kitu ya kawaida?"

Nilikuwa nimeinama juu ya mkono wake. Nikasema, "Huwa inatokea."

"Sawa. Bora mko hapo." Akaanza kutabasamu peke yake akitazama dari. "Unajua nimepata msichana? Huyo lazima nimuite mama yangu, na mama yangu pia ni Njeri. Sasa niko na Njeri watatu kwa nyumba."

Kaka zake wakacheka. Mmoja akasema atakuwa akiita mmoja wanaitika wote. Nilifunga pamba kwenye mkono wake na plasta mbili, moja ingetosha. Alinishukuru. Alipofika mlangoni alirudi akanishukuru tena, na akaniuliza kama kuna kitu kingine familia inaweza kuleta.

Nilienda chooni nikalia hadi mhudumu wa usafi akagonga mlango kuuliza kama naumwa.

Teresia yu hai. Amehamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Figo zake zimegoma. Chini ya kitanda chake wamening'iniza mfuko wa kukusanya mkojo, na kila anayeingia humtazama yeye kwa sekunde moja na mfuko kwa dakika nzima. Jana kulikuwa na kidogo, rangi ya chai iliyochemka ikasahaulika jikoni. Leo mchana nilipita. Mfuko ulikuwa mkavu. Usipobadilika wataanza kumsafisha damu kwa mashine. Alikuwa macho. Aliniuliza mtoto amelishwa nini, nikamwambia nitauliza. Nilienda nikauliza, nikarudi nikamwambia. Ndilo jambo pekee la maana nililolifanya wiki hii.

Nakuja kwa leo.

Saa nane hivi Bwana Ndirangu aliniita mezani kwake. Kitabu changu cha mafunzo kilikuwa wazi mbele yake, ukurasa wa mwisho. Nilikuwa nikiuota ukurasa huo. Una orodha ya mambo ambayo mkufunzi anaweka alama: anapokea sampuli vizuri, anapima, analinganisha, anatoa damu. La mwisho kabisa limeandikwa: anajiamini na anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Ukurasa huo ukitiwa saini, mwisho wa mwezi naandikwa kazi. Usipotiwa, narudi Elburgon kumweleza mama, na mama akaeleze kanisa.

Alitia alama zote nikiwa nimesimama. Hilo la mwisho alilikolezea wino mara mbili. Akatia saini, akapiga muhuri, akakisogeza kitabu upande wangu.

"Hongera. Umeiva."

Nikasema asante. Mdomo una adabu zake hata moyo ukiwa umekufa.

Halafu akalivuta daftari kubwa, akalifungua ukurasa wa Jumanne, akachukua kifutio kwenye droo akakiweka juu ya karatasi, kando kabisa ya jina la Teresia.

"Kesho saa nne kuna ile kamati ya kuchunguza hii maneno ya Teresia," akasema. "Wataangalia register. Safisha kidogo. Watu wa kamati hawapendi penseli."

Nilikitazama kifutio.

"Nimeshaandika ripoti. Sample ilikuja ikiwa mbaya, sisi tukapima yenye tuliletewa. Hiyo si uongo, Wangari. Kosa ni ya wodi."

"Umeandika tuliona ile ya kliniki?"

Alivua miwani, akaifuta kwa kona ya koti lake jeupe. Macho yake bila miwani ni madogo na yamechoka, sikuwa nimewahi kuyaona. "Nimeandika hakukuwa na record ya mbeleni. Miaka yote hii nimekaa hapa. Imebaki miezi tu. Na wewe hata haujaanza. Unataka kuanza hivyo?"

"Na Chebet?"

"Chebet atapewa barua. Ako na umri mdogo, atapata kazi ingine."

Chebet amerudishwa nyumbani tangu jana. Wanasema alikuwa analia hadi akashindwa kufunga vifungo vya sweta. Nilijaribu kuyafurahia masaibu yake tena kama Jumanne, ili iwe rahisi. Haikuja.

Bwana Ndirangu alinyanyuka, akaniwekea mkono begani kama alivyozoea, akaenda kunywa chai. Aliniachia chumba, daftari na kifutio. Alijua hana haja ya kusimama nyuma yangu. Ndivyo alivyonifundisha, na ndivyo alivyokuwa ametoka kuandika.

Mwanzoni sikuona hasira. Niliona utupu, kama njaa hivi. Alama yenyewe ni ndogo mno. Ukipitisha kifutio mara mbili hakuna atakayejua palikuwa na kitu. Ripoti itasimama, yeye atastaafu na keki na hotuba, mimi nitaandikwa kazi, mama atashona nguo mpya. Atakayebaki na mzigo ni Chebet na figo za Teresia.

Na mume wake ataendelea kuamini kwamba mwili wa mke wake ulikataa damu. Ataulaumu mwili huo. Wakipata mtoto mwingine watakuja na hofu hiyo, na nesi atawauliza, naye atasema kwa unyenyekevu ule wake, huyu damu inamkataa. Nilimpa uongo huo mimi, nimeinama juu ya mkono wake, nikimtoa damu.

Nilikichukua kifutio. Nakiri. Nilikishika hadi kikapata joto la vidole vyangu, nikakisogeza kwenye karatasi, na nikapuliza karatasi kabla hata sijafuta, kama mtoto wa shule anavyopuliza makapi. Ndipo nikaona upumbavu wangu. Nilikuwa napuliza kitu ambacho bado hakipo.

Hasira ilipanda wakati huo, kutoka miguuni. Nilikasirika kwa ajili ya matone mia moja. Mtu anakufundisha kudondosha tone moja moja kwa uangalifu hadi unatulia, anakupa nusu ya andazi lake, anakufundisha kuuliza kwa penseli na kujibu kwa wino, halafu siku swali linapokuja la kweli anakwambia piga kelele Njeri uone. Na baada ya hapo anakwambia futa. Nimemkasirikia kama mtu anavyomkasirikia baba.

Nimejikasirikia zaidi. Wiki tatu nilijiona nimepata ujasiri, kumbe nilikuwa nimepata woga wa aina nyingine, unaofanya kazi haraka na kuinua kichwa. Wakati mikono ilipokuwa ikinitetemeka, angalau nilikuwa nauliza.

Niliweka kifutio mfukoni. Nikachukua kalamu yangu ya wino wa bluu, nikapita juu ya ile alama ya penseli polepole, nikaufuata mkunjo wake wote hadi nukta. Nikabonyeza. Kisha kando yake, kwa herufi za kusomeka, nikaandika: Rekodi ya kliniki ni O. Ilionekana kabla ya damu kutolewa. Niliiona mimi, nikamwonyesha mkufunzi, nikatoa damu hata hivyo. Nikaweka majina yangu yote matatu, ili asije mtu akadhani ni Wangari mwingine.

Bwana Ndirangu aliporudi alisoma akiwa amesimama. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwake. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Umeandika kwa wino."

"Ndivyo ulinifundisha, Mwalimu."

Alikaa. Hakunitazama tena hadi nilipoondoka. Nilitaka kumwomba msamaha na nilitaka kumtukana, vyote kwa pamoja. Nikachukua begi nikatoka. Kitabu kimebaki na saini yake, sijui ni cha nini sasa. Pengine kesho watakitaka wakichane. Ningekuwa wao ningekichana.

Mama amepiga simu mara mbili jioni hii, sijashika. Nitamwambia nini? Nitampigia Jumamosi, nikijua nilipo.

Usiniandikie kwamba mimi ni shujaa. Shujaa angesema hapana Jumanne saa tatu asubuhi, simu ikilia, hata kama watu wangemcheka. Mimi nimesema Alhamisi, baada ya robo ya mfuko.

Kesho kamati ni saa nne. Nitatoka mapema. Kabla ya kwenda kuketi mbele yao nitapita kwanza kwa Teresia, na mume wake akiwepo nitamwambia kile ambacho sikumwambia jana. Sijui atanifanya nini, na sijapanga maneno. Kabla hata sijamsalimia, najijua, nitainama nitazame chini ya kitanda, nione kama ule mfuko bado ni mkavu.